Mfuniko wa Soketi Nyuma ya Nyumba ya Mama Mkwe

Kwa miaka ya kwanza ya ndoa yangu sikuwahi kuuona vizuri uso wa mama mkwe wangu. Nilimjua kwa sauti yake ya nyuma ya ukuta, kwa kikohozi kidogo alichokitanguliza popote alipotaka kupita ili kama nipo nipishe, na kwa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, alivyokuwa akituletea Kahama kwenye kiroba. Nikikutana naye njiani huko kwao, pembeni kidogo ya Kharumwa, yeye alikata kona kuingia shambani na mimi nikajifanya natazama ng'ombe wa watu. Hatukuwa na ugomvi wowote. Ilikuwa ni heshima, na kwao heshima ya mkwe haikuchezewa.

Mimi nimekulia Ushirombo, kwenye familia ya wakulima Wakatoliki, ambako mkwe naye aliheshimiwa, lakini baada ya misa watu walipeana mikono na maisha yakaendelea. Kwa hiyo mwanzoni nilicheka. Mke wangu hakucheka. Alinikalisha akanieleza kwamba mkwe wa kiume hamshiki mama mkwe mkono, hali naye sahani moja, haingii jikoni kwake, hapiti nyuma ya nyumba kwenye bafu lake, na mlango wa chumba chake cha kulala hautazami hata ukiwa wazi. La mwisho nililisikia kwa sikio moja: neno la mkwe halirudishwi. Akishasema, limesemwa.

"Ukimwambia mama chai yake ina sukari nyingi," alisema mke wangu, "ataacha kununua sukari mpaka anakufa."

Nilidhani ananitania.

Kazi yangu ni kufunga umeme. Nina leseni, nina karakana ndogo Kahama, na nimefunga umeme kwenye nyumba za kulala wageni Buseresere, kwenye mashine za kukoboa mpunga, kwenye makanisa na kwenye mabanda ya kuku. Watu huniona mpole. Lakini ukitaka kunijua, niletee habari za soketi ya nje.

Kanuni yenyewe haina ugumu. Soketi iliyo mahali panaponyeshewa, au panaporushiwa maji, iwe bafuni kwa nje, kisimani au penye kuoshea magari, lazima ikingwe maji wakati wote: plagi ikiwa imechomolewa, na plagi ikiwa imechomekwa. Uzito wote uko kwenye hilo la pili. Madukani kuna mifuniko ya aina mbili, na yote miwili muuzaji atakuambia ni ya nje. Kuna mfuniko bapa, unaolala juu ya soketi kama kope ya jicho. Huo unakinga mvua pale tu soketi inapokuwa haina kazi. Ukichomeka plagi, mfuniko unabaki umesimama wazi na maji yanaingia kwa raha zake. Halafu kuna mfuniko wenye tumbo. Huo una nafasi ya plagi ndani yake na pengo chini la kupitishia waya, ukichomeka unafunga, na mvua inyeshe itakavyo. Wenye tumbo una bei zaidi, basi huo hakuna anayeutaka.

Nimeona mengi. Mwosha magari mmoja aliufunga mfuniko bapa kwa mpira wa tairi ili usimwangukie kwenye plagi, akawa anamwaga maji chini yake kutwa nzima. Mwenye nyumba ya wageni aliukata kwa msumeno kwa sababu, alisema, unaharibu sura ya ukuta. Mwingine alikata kidumu cha mafuta ya kula akakipigilia juu ya soketi kama kofia, na huyo angalau alikuwa na nia njema. Nikiwaeleza wananijibu kwamba mbona miaka yote haijatokea kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nawaambia, wanaitikia vizuri sana kisha wananunua cha bei ndogo. Nimeacha kubishana nao. Siku hizi nasema sentensi moja tu, ile ya kanuni, na nairudia kwa kila mtu: pampu au mashine inapofanya kazi, mfuniko usikae wazi.

Sentensi hiyo ndiyo nilimpa mama mkwe.

Kwake kulikuwa na kisima nyuma ya nyumba, karibu na bafu la ukuta wa tofali za kuchoma. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni mchimbaji wa dhahabu. Anashinda kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na huko kazi kubwa kuliko kuchimba ni kutoa maji. Duara moja lilipokufa, dhahabu imekwisha, yeye alipewa pampu kama sehemu ya mgawo wake. Akaileta nyumbani, akaitumbukiza kisimani, akavuta waya toka ndani ya nyumba na kupachika soketi kwenye ukuta wa bafu. Swichi kubwa ya nyumba ilikuwa tayari imefungwa chumbani kwa mama, juu ya kitanda chake, kwa sababu hakutaka wajukuu waichezee. Haya yote yalifanyika bila mimi kuulizwa. Sikuulizwa kwa sababu mahali penyewe ni nyuma ya nyumba, na mimi nyuma ya nyumba sifiki.

Siku moja tulipokwenda kuwatembelea, mama alileta malalamiko. Mimi nilikuwa sebuleni, yeye jikoni, na mke wangu amekaa kwenye kizingiti katikati yetu.

"Mwambie mkwe," sauti ilisema, "umeme unaniwasha vidole nikigusa plagi ya pampu."

"Mama anasema umeme unamwasha vidole," mke wangu aliniambia.

"Nimesikia."

"Usiseme umesikia," alininong'oneza kwa ukali.

Nikanyamaza kidogo, ili ionekane habari imenifikia kwa njia yake. Kisha nikamwambia amuulize mama kama soketi ina mfuniko. Ukuta ule haukuzuia kitu, mama alinisikia kama unavyomsikia mtu mliyekaa naye meza moja, lakini alisubiri swali limfikie kwa mdomo wa binti yake ndipo akajibu kwamba ina. Nikauliza kama mfuniko ni wa nje. Akajibu kwamba dukani walimwambia kijana wake ni wa nje. Mke wangu akaenda kuiangalia kwa macho yake, akarudi.

"Mfuniko upo," alisema. "Wa kijivu."

"Basi maji yanaingia pale anapoufungua. Mwambie mama, pampu inapofanya kazi mfuniko usikae wazi hata siku moja."

Mke wangu akalirudia neno hilo kwa Kisukuma, mara mbili, na ile ya pili kwa sauti ya chini. Kisha mama akasema, "Wabeja," yaani asante, na mazungumzo yakahamia kwenye mbegu za mpunga.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, lakini ni heri niyaseme hapa yalipotokea. Kesho yake, sisi tukiwa tumeshaondoka, mama alikwenda kisimani akachomeka plagi na kujaribu kufunga mfuniko. Haukufunga. Ulikuwa ule bapa, jambo ambalo mimi fundi sikuliuliza, na plagi ilikuwa imejitokeza pale kama pua. Akajaribu kuukandamiza. Akajaribu kuigeuza plagi juu chini, na plagi zetu za miguu mitatu hazigeuki. Mtu mwingine angepiga simu Kahama akasema, mkwe, ulichosema hakiwezekani. Yeye alichomoa plagi, akafunga mfuniko, akatafuta kamba, akaanza kuteka maji kwa ndoo. Aliteka kwa ndoo mpaka shemeji alipotoka duarani kuja kupumzika, na alipoulizwa kulikoni pampu nzima imelala, alimweleza kijana wake tatizo kama alivyoliona yeye: mkwe amesema mfuniko usikae wazi, na plagi hii haikubali neno la mkwe.

"Mama, hilo dogo," alisema shemeji.

Huko kwenye maduara plagi ni anasa. Zinavunjika, zinaibiwa, na soketi zenyewe mara nyingi zimeyeyuka nusu. Wachimbaji wanachuna ncha za waya, wanachomeka kijiti kwenye tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke, wanaingiza waya mtupu kila mmoja kwenye tundu lake, wanakaza kwa vijiti vingine, na pampu inanguruma. Ni mtindo wa kila siku, na mtoto wa duarani anaujua kabla hajaota ndevu. Shemeji alikata plagi, akafanya hivyo hivyo. Vijiti akavikata vifupi. Halafu akashusha mfuniko, na mfuniko, safari hii, ukalala vizuri kabisa juu ya soketi, bapa kwa bapa, na nyaya mbili zikitokea kwa chini.

Mama alifurahi. Wiki ile alitutumia matobolwa kwa basi, na karanga juu yake, na ujumbe kwenye simu ya mke wangu: amwambie mkwe kwamba mfuniko haukai wazi hata siku moja. Nakumbuka nilivyokula yale matobolwa. Nilimwambia mke wangu kwamba katika wateja wangu wote, aliyenisikia ni mmoja tu, na huyo hajawahi hata kuniangalia.

Mvua zilipokolea tulikwenda tena. Mke wangu alikwenda na mtoto wetu kumsalimia shangazi yake upande wa pili wa mbuga ya mpunga, na shemeji alikuwa duarani, kwa hiyo nyumbani tulibaki watu wawili, mimi barazani mbele na mama nyuma, na nyumba nzima katikati. Mvua ilikuwa imekatika muda huo huo, bati bado linachuruzika. Nilisikia kikohozi chake akielekea kisimani. Nikasogeza kiti ili nitazame barabarani. Nikasikia pampu ikiwaka, maji yakigonga tangi lililo kando ya bafu, na baada ya muda tangi likaanza kufurika. Nikangoja azime.

Hakuzima. Nilichosikia si kelele. Ilikuwa ni sauti ya kukoroma, ya mtu anayetaka kuita na meno hayaachani, na pampu ikiendelea kunguruma nyuma yake.

"Mama!" niliita. Sikuwahi kumwita moja kwa moja kabla ya hapo. "Mama, kuna nini?"

Nilizunguka nyumba mbio, na kwenye kona miguu ikasimama yenyewe. Ndiyo kona ambayo kila siku nilikuwa nageukia. Kutoka pale nilimwona ubavuni, amevaa khanga moja ya kazi, miguu peku kwenye tope, mkono wa kulia umeshika waya kwenye ukuta wa bafu na mwili wote ukitetemeka mtetemeko mdogo mdogo. Alikuwa amefungua mfuniko ili avute waya azime pampu, na mkono ulikuwa umelowa.

Umeme haujui mkwe. Nilijua pia kwamba nikimgusa tutakuwa wawili, na kwamba pale kwenye tope sikuwa na kipande cha mti mkavu hata cha kuwashia moto. Kitu kilichobaki ni swichi kubwa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini. Nikakimbia ndani, nikausukuma mlango wa chumba cha mama mkwe wangu, nikapanda na viatu vyangu vya matope juu ya kitanda chake kilichotandikwa shuka la maua, nikashusha swichi. Pampu ikanyamaza. Nikatoka kwa kupitia jikoni, kwa sababu ndiyo njia fupi, nikapiga teke sufuria ya maziwa njiani.

Alikuwa ameanguka kwa ubavu. Nilimgeuza, nikasikiliza kifua, kinapumua. Hapo ndipo nilipouona uso wake. Ulikuwa uso wa mke wangu, umeongezewa miaka. Nilimbeba mikononi, ni mwepesi, nikampeleka mbele barazani pakavu na kumlaza. Kiganja kilikuwa kimeungua mstari mweupe. Nilipokuwa namwita mara ya tatu au ya nne alifungua macho, akaniangalia, akanitambua. Na kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya kuuliza amepatwa na nini, ni kuinua ule mkono mzima, akavuta upindo wa khanga na kufunika uso wake.

Nilitaka kulia. Niligeukia barabarani nikapiga simu ya bodaboda.

Hospitalini walimtazama moyo, wakamfunga kiganja, wakamlaza usiku huo na kumruhusu. Aliporudi, wazee wa upande wa mke wangu walikuwa wameshafika. Hawakuja kwa ubaya. Walinishukuru sana, mmoja baada ya mwingine, na baada ya shukrani wakanieleza kwamba hata hivyo mkwe ameingia chumbani, amepita jikoni, amemshika mama yake mkwe, na jambo la namna hiyo haliachwi hivi hivi. Nitoe mbuzi, mji usafishwe, kisha kila mmoja arudi upande wake. Nilikasirika. Niliwauliza kama walitaka nimtume mtu Kahama akamlete mwanamke wa kuzima swichi. Mzee mmoja akacheka, akasema hapana, nimefanya vizuri, wao wenyewe wangefanya hivyo hivyo, na wao wenyewe wangetoa mbuzi. Mbuzi nilimtoa.

Shemeji alikuja toka duarani siku hiyo hiyo, akanipeleka nyuma ya nyumba kwa ruhusa ya wazee, mama akiwa ndani. Kwa mara ya kwanza niliiona ile soketi. Vijiti vilikuwa bado vimo, vimepondeka na kuwa vyeusi, na waya mmoja ulikuwa nje unaning'inia. Nilimgombeza kijana wa watu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alisimama ameinamisha kichwa mpaka nilipomaliza.

"Mama alisema mkwe amesema," alijibu. "Mfuniko usikae wazi. Na kweli haukukaa wazi."

Ni kweli. Ulikuwa unafunga vizuri kuliko mifuniko mingi niliyoifunga mimi mwenyewe. Nimelifikiria neno lake hilo mara nyingi, nikiwa juu ya ngazi, nikiwa kwenye basi. Nilichomwambia mama kilikuwa kanuni neno kwa neno, na leo nikiulizwa nitakisema tena. Kwenye soketi ile hakikuwezekana kufanyika, na mtu wa kwanza duniani kulijua hilo alikuwa yeye, asubuhi ile alipoukandamiza mfuniko kwa kidole gumba. Alijua na hakuwa na mdomo wa kulisemea. Nikarudi Kahama nikiwa na wazo hilo moja tu, kwamba naweza kumfungia vifaa vya dunia nzima, na siku nitakayosema kitu kisichofanyika atakifanya hivyo hivyo, na safari hiyo huenda nisiwe barazani.

Nilirudi na vifaa. Mfuniko wenye tumbo, plagi mpya, fimbo ya shaba ya kuzika ardhini, na kile kifaa kinachokata umeme chenyewe pale unapoanza kuvuja, ambacho kama kingekuwepo tangu mwanzo, mama asingeshika waya kwa zaidi ya kufumba na kufumbua. Wazee walikubali nifanye kazi nyuma ya nyumba mchana kutwa, mradi mama abaki ndani. Akabaki jikoni. Mke wangu akaweka kigoda chake mlangoni, mahali pake pa siku zote, akawa anachambua mchicha.

Nilizika shaba, nikavuta waya mpya, nikapandisha soketi juu zaidi, mbali na marusho ya bafu. Nilipofika kwenye mfuniko nilianza kama kawaida, "Mwambie mama," halafu nikaiweka bisibisi chini.

"Mama," nikasema kuuelekea ukuta.

Mke wangu aliacha mchicha.

"Mama, siku nikisema jambo, ukaona halifanyiki, niambie halifanyiki."

Mke wangu hakulirudia neno langu kwa Kisukuma, alikuwa ananitazama tu. Kuku walipita. Mwisho sauti ikatoka jikoni, lakini ilimwendea binti yake.

"Muulize mkwe. Mkwe anaambiwaje kwamba neno lake halifanyiki?"

Lilikuwa swali la kweli, hakuwa ananisuta. Nilitafuta jibu la heshima, lililozungushwa vizuri, sikulipata.

"Anaambiwa hivyo hivyo," nikasema. "Mkwe, halifanyiki."

Nikamsikia akisogeza masufuria. Mke wangu akarudi kwenye mchicha. Niliona nimeharibu, nikamaliza kazi bila kusema zaidi. Nilijaribu soketi kwa plagi ya mashine yangu ya kutobolea, mfuniko ukafunga, kile kifaa nikakibonyeza kitufe cha majaribio kikakata kama inavyotakiwa. Nikafunga plagi mpya kwenye waya wa pampu, nikauviringisha, nikauacha pale. Nikanawa, nikaenda kukaa barazani, upande wangu.

Baada ya muda nikasikia kikohozi, kikielekea kisimani. Mke wangu alikuwa ameingia jikoni, anasonga ugali, mwiko unagonga sufuria. Nilisikia plagi ikiingia kwenye soketi. Nikasikia mfuniko ukishuka, tak. Kisha tak tena. Kisha ya tatu, iliyokandamizwa. Halafu hakuna kitu.

Kimya kile nilikifahamu ni cha nini. Ni kile cha asubuhi ya mara ya kwanza, isipokuwa safari hii nilikuwepo kukisikia. Alikuwa amesimama pale na kidole gumba juu ya mfuniko, akichagua. Nilishika mikono ya kiti nikamwomba Mungu, kwa Kiswahili cha Ushirombo, kwamba asiende kutafuta kisu cha kukata plagi.

Akakohoa.

"Mkwe," ilisema sauti nyuma ya nyumba.

Mwiko ulinyamaza jikoni.

"Mkwe, haufungi."

Niliinuka mpaka kiti kikaanguka. Kwenye kona nikasimama, nikakohoa, nikangoja mpaka niliposikia mlango wa jikoni ukifungwa, ndipo nikapita. Alikuwa sahihi. Waya wa pampu ulikuwa waya wa duarani, mnene kama kidole, na mimi nilijaribu kwa waya mwembamba wa mashine yangu. Huo mnene haukuingia kwenye pengo la chini, kwa hiyo mfuniko ulibaki umeinuka kiasi cha ukucha. Fundi mwenye haraka angechukua tupa akalipanua pengo, lakini ukilipanua umeshaifungulia mvua mlango. Kinachotakiwa ni mfuniko mwingine, wa pengo kubwa lenye mpira wake, na huo uko Kahama.

"Ni kweli, mama, haufungi," niliuambia ukuta. "Kosa ni la mfuniko. Usichomeke mpaka nilete mwingine kesho."

"Haya," alijibu yeye mwenyewe.

Nikachomoa plagi, nikafunga mfuniko ukiwa mtupu. Kabla sijaondoka nikachukua kamba na ndoo zake, nikateka maji mpaka ndoo zote zikajaa, nikazipanga kwenye kona ya nyumba. Nikakohoa, nikageukia barabarani. Nyuma yangu nikamsikia akizichukua, moja moja, kwa ule mkono mzima.